Mashungi Nyuma ya Sikio

Yutta alibadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu alasiri ile, na vyote vitatu vilikuwa vyeusi. Cha kwanza kilimzeesha. Cha pili kilikuwa na harufu ya kabati. Alipofunga cha tatu alijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, akajicheka, mjane mwenye wajukuu tele kuhangaika kama msichana anayeposwa. Lakini hakukifungua tena. Kilikuwa na ukingo mwembamba wa kijivu, na moyoni alijua rangi ile inapatana na macho yake.

Chumba cha mbele kilikuwa tayari tangu mchana. Mezani alitandika kitambaa cheupe, akaweka bakuli la lozi, bilauri mbili za chai, limau, na kugel aliyoipika mwenyewe, tambi zilizookwa na sukari iliyoungua na pilipili manga nyingi mpaka zikawa rangi ya kahawa. Nje mvua ya Yerusalemu ilipiga mawe ya uani, na jiko la mafuta ya taa lilinuka kama linavyonuka kila mwaka baridi ikianza.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Kwetu Mea Shearim, mtaa wa Wayahudi washika dini, mwanamume na mwanamke wasiooana hawafungiwi chumba kimoja, hata kama wote wawili magoti yanawauma. Nyuma ya mlango huo alikaa Berish, mtoto wake wa kwanza, na kitabu mbele yake. Tangu aketi hakuwa amefunua ukurasa hata mmoja.

Asubuhi walikuwa wamezozana. Walizozana kwa heshima, maana Berish hakuwahi kumpandishia mama yake sauti. Alimwambia ameuliza habari za huyo mchumba kutoka Safed, na kila mtu amemsifu. Mwokaji mikate, kafiwa na mke, mcha Mungu, hana ugomvi na mtu. Ila kuna jambo moja.

"Mashungi yake anayabana nyuma ya masikio," Berish alisema, akitazama sakafu.

"Najua," Yutta alijibu.

Berish alishangaa amejuaje, lakini hakuuliza. Wanaume wa kundi lao hunyoa kichwa na kuyaachia mashungi ya pembeni yaning'inie mbele ya masikio, yaonekane, mtu ajulikane ni wa nani tangu akiwa mwisho wa barabara. Makundi mengine yana namna zao. Wapo wanaoyafupisha, wapo wanaoyazungushia sikio, na Berish hakuwa na neno nao. Lakini mtu wa jamaa wanaoyaachia, kisha akayarudisha nyuma, huyo watu humsema. Leo yako nyuma ya sikio, kesho yako chini ya kiti cha kinyozi. Na Berish alikuwa na mabinti wa kuozesha.

"Washenga watauliza bibi yao kaolewa na nani, Mama. Nimekwisha kumtumia neno kwa Bi Frada, ayashushe tu. Akiyashusha, mimi mwenyewe nitamsindikiza siku ya arusi. Asipoyashusha, siwezi kusimama pale."

Maneno yale Yutta alikwisha kuyasikia, karibu miaka arobaini nyuma, kinywani mwa baba yake.

Siku hizo alikuwa na miaka kumi na minane, na Anshel alikuwa amekuja kutoka Safed kusoma dini, akapanga chumba upande wa pili wa ua. Kila asubuhi Anshel alitoka na ndoo kwenda kisimani, na kila asubuhi Yutta alikuwa na nguo za kuanika. Hawakuwahi kusemeshana. Anshel akiinama kuvuta kamba, shungi moja lilichomoka nyuma ya sikio likamwangukia shavuni, naye alilirudisha kwa kidole kimoja, polepole, kwa upole ambao vijana hawanao kwa miili yao wenyewe. Yutta alikuwa akingoja tendo hilo tu ndipo aingie ndani. Asubuhi moja Anshel aliinua macho akamkuta dirishani. Ilipasa mmoja wao atazame kando, na hakuna aliyetazama kando. Yutta aliolewa, akazaa, akazika, na mtazamo ule haukumtoka.

Mshenga alipopeleka jina la kijana, baba yake, Reb Lipa, maana Reb ndiyo heshima ya mwanamume kwetu, alimwalika chakula cha Sabato amwone kwa karibu. Yutta alikuwa jikoni na sinia mkononi, akisikiliza. Baba yake alingoja nyimbo za mezani zimalizike.

"Kijana, hayo mashungi unamficha nani?"

"Simfichi mtu, Reb Lipa."

"Basi yashushe."

Yutta aliomba moyoni ayashushe, ayashushe tu, ni nywele. Alichosikia ni kiti kusogezwa, Anshel akishukuru kwa chakula, na mlango kufungwa taratibu. Jumapili kisimani alikuja mtu mwingine. Mwaka haukuisha Yutta akaolewa na Zusha, fundi wa kujalidi vitabu, mtu mwema na mcheshi, akaishi naye kwa amani hadi alipomzika.

Sasa Bi Frada mshenga alikuwa mlangoni akikung'uta mwavuli. Alimwingiza mgeni, akasema yeye ana shughuli kidogo kwa jirani, na kila mtu alijua hana shughuli yoyote kwa jirani.

Anshel alikuwa amenenepa. Mabega yalikuwa yametanuka kwa miaka ya kukanda unga, ndevu zilikuwa nyeupe, lakini macho yalikuwa yale ya kisimani, na yalikuja moja kwa moja kwake. Mashungi yalikuwa meupe pia, membamba, yamebanwa nyuma ya masikio. Yutta akaketi kabla ya mgeni, jambo ambalo si la adabu.

"Samahani," alisema. "Keti, Reb Anshel."

"Nimeketi," Anshel alijibu, naye bado amesimama.

Walicheka wote wawili, na kicheko kile kiliwasaidia. Anshel akavuta kiti. Waliulizana yale yanayoulizwa. Alimweleza habari za barabara, za ukungu wa Safed, za wanawe walioshika tanuri sasa na kumfukuza apumzike, na za Hene, mkewe, aliyefariki mwaka juzi baada ya kuugua muda mrefu. Alimtaja Hene kwa upendo bila kujificha, na Yutta akampenda zaidi kwa hilo. Naye alimweleza habari za Zusha. Jikoni kiti kililia kidogo.

Anshel alionja kugel, akatafuna kwa makini ya mtu wa kazi hiyo.

"Pilipili imezidi."

"Hapa ndivyo tunavyoipika."

"Najua. Nimekuwa na hamu nayo tangu nilipoondoka." Aliweka uma chini. "Ulikuwa ukianika nguo zilizokwisha kukauka."

Yutta alihisi joto likimpanda usoni, katika umri wake. "Uliona?"

"Shuka la maua ya buluu. Lilianikwa juma zima. Mimi nami ndoo yangu ilijaa tangu safari ya kwanza. Nilikuwa naimwaga nyuma ya ukuta, narudi tena kisimani."

"Na maji yalivyokuwa ya shida."

"Mwenye nyumba wangu alidhani naoga sana."

Yutta alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kitambaa, na alipokwisha kuyafuta aliona bado yanatoka, na si kwa kicheko tena. Alitaka kunyamaza kama mama yake alivyomfundisha, lakini alikuwa amekwisha kunyamaza miaka mingi mno.

"Kwa nini hukuyashusha?"

Jikoni kitabu kilifungwa.

Anshel alizungusha bilauri ya chai mara kadhaa kabla ya kujibu. Alisema baba yake naye alikuwa mwokaji, na tanuri lake lilikuwa la kuni, mdomo mpana, ukiinama kuingiza mikate moto unakulamba uso. Mashungi yakining'inia yanaungua au yanaingia kwenye unga. Kwa hiyo mzee aliyabana nyuma ya masikio, akazoea hivyo kutwa nzima.

"Nilipoanza kumsaidia, akawa ananibana na mimi," alisema. "Kila siku kabla ya kufungua tanuri ananishika kidevu, analipeleka hili nyuma, kisha hili, na vidole vyake vina unga. Shuleni nilifika na masikio meupe. Wenzangu waliniita Mkate."

Yutta alitabasamu, lakini Anshel alikuwa akitazama mezani.

"Siku moja nilimuuliza, Baba, kama yanatusumbua hivi, tunayafuga ya nini? Akaniambia Mungu amekataza mtu kuvuna pembe za shamba lake, aziache, maskini wachukue. Na palepale, mbele kidogo, akakataza kunyoa pembe za kichwa. Wasomi wana maelezo yao mengi, wengine watasema ni amri tu na haina haja ya sababu. Baba hakuwa msomi. Yeye alisema ni mafunzo ya mkono, mkono ujue mahali pa kukoma. Shamba lako, kichwa chako, lakini si chako mpaka mwisho. Ndiyo sababu wengine tunayaacha yarefuke, alisema, kuonyesha tumekubali kwa kupenda."

"Na ile Sabato?"

"Nilikuwa nimetoka kumzika." Sauti yake ilishuka. "Kila asubuhi nilipoyarudisha nyuma ya sikio, nilikuwa naona ni yeye ananishika. Reb Lipa akasema yashushe. Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mezani pa watu, na binti yao ananisikia. Nikaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Yutta. Nilidhani mtu anaweza kuondoka leo, akarudi akipata nguvu akaeleza. Nilirudi baada ya Pasaka. Mwenye nyumba akaniambia umekwisha kuposwa."

Ilikuwa mara ya kwanza Yutta kusikia jina lake kutoka kwake. Lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja, akashindwa kujua ashike lipi.

"Bi Frada amenifikishia neno la mwanao," Anshel aliendelea. "Nimelifikiria njia nzima. Baba amekuwa nami muda mrefu. Sidhani atakasirika."

Akapeleka kidole nyuma ya sikio la kulia, akalivuta shungi mbele. Lilimwangukia shavuni likiwa limejikunja, maana kwa miaka yote hiyo lilikuwa limezoea umbo la sikio. Uso wake ulibadilika. Yutta alimwona kijana wa kisimani kwa kitambo kidogo, na mkono wake ukasogea juu ya kitambaa cha meza kumwelekea, ukafika ukingoni mwa bakuli la lozi, ukakaa hapo. Hakuwa na ruhusa ya kumgusa, na hakuwahi kutamani kumgusa mtu kama dakika ile.

"Lirudishe," alisema.

"Ni nywele, Yutta."

"Nami nilisema hivyo siku ile jikoni, nikikuombea uyashushe. Sikujua ni mkono wa baba yako. Sasa najua, na ukiliacha hapo sitaolewa nawe."

"Na mwanao?"

Yutta aliutazama mlango ulio wazi nusu. Alijua kila neno linasikika, na aliongea vilevile. "Bila yeye pia sitaolewa. Siwezi kwenda kwenye arusi ambayo mtoto wangu hayupo."

"Basi nimefungwa huku na huku."

"Tumefungwa wote."

Mvua iliongezeka. Anshel aliinamisha kichwa, shungi likining'inia, na Yutta aliona kwamba mtu huyu anaweza kuinuka sasa hivi, akashukuru kwa chai, akafunga mlango taratibu kama alivyofanya mara ile. Hofu ilimshika. Akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema mbele ya mtu yeyote.

"Zusha nilimpenda. Nataka ulijue hilo. Nilimlimia na kumvunia shamba zima, sikumnyima kitu. Pembe moja tu ndiyo sikuigusa. Sikuwa nakungoja, sikuwa mwendawazimu. Niliiacha tu, na kila mwaka ikaota yenyewe."

Mlango wa jikoni ulifunguka, Berish akaingia. Alikuwa mrefu kama babu yake, na mashungi yake meusi yalifika kwenye kola. Macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama mgeni, alimtazama mama yake.

"Baba alijua?"

"Nilimwambia mwezi wa kwanza wa ndoa yetu."

"Akasema nini?"

"Alisema hata yeye aliwahi kumpenda binti wa muuza samaki. Kisha akauliza kama supu imeiva."

Berish alikaza uso, lakini kicheko kilimshinda, kikatoka pamoja na machozi, akageukia dirishani kujifuta. "Huyo ni Baba," alisema. "Huyo ni yeye kabisa."

Alivuta kiti akakaa kati yao. Kwa muda alikuna kitambaa cha meza kwa ukucha kama alivyokuwa akifanya utotoni akikemewa. Alimuuliza Anshel kwa nini hakumweleza Bi Frada habari ya tanuri, naye Anshel akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, watu huyatazama tu mashungi yake wakaridhika na jibu lao.

"Sote tunajua amri ya kumheshimu baba haiishi kaburini," Berish alisema mwishowe. "Mimi nimekuagiza uache kumheshimu wako, Reb Anshel, ili mimi niheshimiwe mtaani. Sikujua. Lakini ndicho nilichokuagiza. Tafadhali lirudishe."

"Na mabinti zako?"

"Washenga nitawaeleza mimi mwenyewe. Atakayeelewa, huyo ndiye ninayemtaka. Asiyeelewa, sina hamu ya kula naye Sabato maisha yangu yote."

Anshel alilirudisha shungi nyuma ya sikio. Likamponyoka, akalirudisha tena. Yutta alimtazama bila kuficha, mwanawe yupo, na hakuona haya.

Bi Frada aliingia bila kubisha hodi, na koti lake lilikuwa kavu kiasi cha kuonyesha hakufika kwa jirani yeyote. Aliwatazama nyuso zao mmoja mmoja, akaelewa, akaanza kutoa baraka na kutafuna lozi kwa wakati mmoja. Alipokwisha kutafuna akakumbuka sahani. Posa ikikubaliwa kwetu, mama wa bibi arusi na mama wa bwana arusi hushika sahani moja pamoja, wakaiachia ivunjike sakafuni, na hapo neno limefungwa. Akasema kwa wazee hawa si lazima, mama zao wote wamekwisha kulala.

"Ni lazima," Yutta alisema.

Alifungua kabati, akachagua sahani nzima, nzuri, akaileta katikati ya chumba. Alisema upande wake atashika mwenyewe, na mama yake huko aliko atamwia radhi. Akaishika kwa mikono miwili. Upande wa pili ulibaki mtupu. Wana wa Anshel walikuwa Safed, dada zake walikuwa wamekufa, na yeye alisimama karibu na jiko akiwa na mikono yake mikubwa, mzee mzima, mgeni katika chumba cha watu, bila mtu wa kumshikia sahani.

Bi Frada alianza kujipangusa vidole ili ashike yeye. Berish alimtangulia. Aliondoka ubavuni kwa mama yake, akapita mbele ya jiko, akasimama bega kwa bega na Anshel, akanyoosha mkono akashika ukingo uliobaki.

"Mama wa bwana arusi," alisema, "ni mimi."

Wakaiachia.